Joho la Arobaini

Mdogo wangu ni fundi cherehani, na watu wote wanamwita Sentimita. Ukimwamkia, anakuitikia huku anakupima mabega kwa macho. Siku tulipomletea mchumba nyumbani, hata kiti hajamkaribisha, alimwambia, "Bega lako la kushoto limeshuka kidogo." Nikasema moyoni, basi, ndoa hamna hapa. Wakaishi miaka kumi na tisa, na kila gauni la wifi yangu lilikuwa na kisponji begani, upande wa kushoto.

Ugonjwa wake mwingine ni uzi. Hashoni kwa uzi usiofanana na kitambaa, hata umpigie magoti. Nimeshamwona akimrudisha bibi harusi nyumbani bila gauni kwa sababu hiyo.

Mwaka huo wa kumi na tisa alikuwa akishona majoho arobaini ya zambarau ya kwaya yetu, katika kile chumba chake ubavuni mwa ukumbi wa ibada. Alhamisi moja uzi wa zambarau ukamwishia, amebakiza pindo moja tu, la joho la mke wake mwenyewe.

"Si uweke mweusi?" wifi akamwambia. "Upo tele. Pindo nani ataliangalia?"

"Mimi."

Wifi akacheka, akabeba mkoba wake, akaenda kununua uzi kwenye jengo la maduka ng'ambo ya mto. Saa sita kasorobo ardhi ikatikisika. Ukumbi wetu ulipata ufa mmoja. Lile jengo la maduka lilikaa chini, ghorofa zote nne.

Mdogo wangu alichimbua kifusi kwa mikono siku tatu, mpaka waokoaji wakamwondoa na kuzungusha kamba. Wifi hakuonekana. Akarudi kwenye cherehani yake, akakaa.

Sisi huku tulikuwa na watu mia mbili waliobomokewa nyumba, wamejaa ukumbini. Tulitoa mabenchi nje, tukaazima masufuria, tukapika. Shida ikawa baridi. Waumini wenzetu wa mji wa jirani wakatuletea lori zima la misaada, tukalifungua kwa shangwe: vitabu vya nyimbo, mia tatu. Tulishukuru. Mungu atusamehe, tulivigawa kama mito.

Kamati ya misaada ikafanya kikao, ikafungua kwa sala, ikaamua majoho ya kwaya yagawiwe. Yalikuwa ya kitambaa kizito, na yana mikono mirefu. Mwalimu wa kwaya alilia siku hiyo kuliko siku ya tetemeko. Katibu alikwenda kuchukua majoho arobaini, akapewa thelathini na tisa.

"Lile pale msumarini?" akauliza.

"Halijakwisha," Sentimita akajibu. "Bado pindo."

Katibu ana mdomo, lakini siku hiyo alibeba yale thelathini na tisa, akatoka.

Jumapili akaja kiongozi wetu kutoka makao makuu kutupa pole. Akaona watu wa zambarau wamejaa upande mmoja, akafurahi, akasema, "Kabla ya neno, kwaya itubariki kwa wimbo." Nani atamkatalia mkubwa? Waathirika wa watu, wengine hata si wa dini yetu, wakasimama, wakatazamana. Wimbo pekee waliojikuta wanaujua wote ni ule wa watoto wa kuhesabu vidole. Wakauimba mpaka kidole cha kumi. Mgeni akapangusa machozi, akampongeza mwalimu wa kwaya kwa kazi kubwa. Mwalimu akazipokea pongezi.

Jumatatu akafika mama mmoja mrefu ana kichanga, amejifunga pazia la bafuni. Blanketi hakuna, kanga hakuna. Katibu akanivuta pembeni. "Kaongee na mdogo wako." Nikaenda nimefura, na sijui niliyemkasirikia ni nani.

"Kuna mzazi pale nje amevaa pazia," nikamwambia.

"Majoho nilishatoa."

"Thelathini na tisa."

"Dada, hilo halijakwisha. Akirudi na uzi nitalimaliza."

Ilikuwa siku ya kumi na moja. Wifi yangu nilimpenda, tena kuliko ndugu zangu wengine, na sikupenda kinywa cha kusema neno hili kiwe changu. "Harudi, mdogo wangu."

Akakanyaga cherehani. Ikazunguka bila kitambaa, ikasimama.

"Nilimtuma mimi."

"Najua."

"Uzi, dada. Nilimtuma uzi."

"Najua."

Ningeweza kumwambia hana kosa. Watu wote walikuwa wakimwambia hivyo, na sikuona kama kunamsaidia. Nikalia kidogo, nikajifuta kwa kitambaa cha kupigia pasi.

Hatimaye akasema, "Mlete."

Mama yule akaingia, akaamkia. Sentimita akamtazama mabega. Akalishusha joho kutoka msumarini, akachukua wembe, akakata nyuzi za begani moja moja, akatoa kile kisponji cha kushoto. Akakitia mfukoni mwa shati lake. Kisha akafungua boksi la nyuzi, akatoa mweusi.

Alilishona pindo lile kwa mkono, pole pole, mama amesimama mbele yake na joho mwilini, mimi nimempakata mtoto.

Mama akainama kutazama. "Asante, fundi. Wala huo uzi mweusi hauonekani."

"Unaonekana," akasema, akaendelea kushona.