Trebo ya Mume Wangu

Mume wangu mtaani wanamwita Besi, kwa kupenda muziki mzito, na mwenye jina hilo hajui kutulia. Anarekodi kwaya, kisha anazitengeneza rekodi kwenye kompyuta yetu ya chumbani. Anapunguza besi, anaongeza trebo, ile sauti nyembamba ya juu. Anasikiliza, anainuka, anazunguka kitanda, anarudi, anaongeza tena. Mimi nashona vifungo hapo hapo nyuma yake, maana sina chumba kingine, na nimeshamwambia kiti chake kitatoboa sakafu.

Mwaka huu mambo yalianza kumwendea kombo. Kazi mbili zilirudishwa kwa neno lile lile: zinachoma masikio. Basi akatafuta mchawi. Akazilaumu spika, akanunua nyingine. Akaulaumu ukuta, eti unarudisha mwangwi, akauegemezea godoro letu; tukalala mkekani kama wageni wa ghafla, na mgongo wangu haujasahau. Mwisho akawalaumu waimbaji. Hapo nikajua maji yamemfika shingoni, kwa sababu waimbaji hajawahi kuwagusa.

Ilibaki kwaya moja tu iliyomvumilia. Mwalimu wao alikuja Jumamosi akasimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Fundi, kesho jioni naupeleka wimbo wetu redioni. Ukituchoma tena, usituone wabaya, tutahamia kwingine."

"Utaupata," Besi akasema, huku mguu wake ukicheza chini ya meza.

Jumapili alihangaika mchana kutwa. Kila akiongeza trebo, meno yananiuma; yeye anasema bado, waimbaji wamefunikwa blanketi. Nilichoka, hasira zangu nikazimalizia kwenye mashine yake.

"Na hiyo kompyuta yako nayo inapiga mluzi tangu asubuhi. Izime kidogo ipumue."

"Haipigi."

"Inapiga, baba. Hata binti yako ameukimbia, kahamia uani na vitabu vyake."

Akazima spika. Akainama, akaweka sikio kwenye ubavu wa kompyuta kama anayesikiliza mtoto tumboni. Mimi nilikuwa mlangoni na bado mluzi ulinikata kichwa. Yeye akakaa pale, akabadilisha sikio, akakaa tena.

"Haipigi," akasema mara ya pili, lakini safari hii alikuwa ananiuliza.

Niliogopa, nikamwonea huruma nikashindwa kuificha, naye akaiona usoni kwangu. Hakubisha. Aliinuka akanivutia kiti chake.

"Shusha wewe," akasema. "Ukisikia wanaimba kama watu, acha."

Nikashika kipanya kwa mkono uliozoea sindano. Nikashusha trebo kidogo kidogo hadi meno yakaacha kuuma, na ile kwaya ikawa kama imesimama chumbani kwetu. Besi alizunguka kitanda, akarudi nyuma yangu.

"Imekaa?"

"Imekaa."

"Kwangu mimi ni blanketi tupu. Na kayamba? Lipo?"

"Lipo. Linakwenda vizuri."

Akaweka mkono wake mezani mbele yangu. "Nipigie."

Nikampigia kayamba kwa kidole juu ya mkono wake, mpaka wimbo ukaisha.

"Anza tena," akasema.