Paa Letu la Berea

Enzi zetu pale Berea, mtaa wa Johannesburg, hakuna mtoto aliyeuliza akacheze wapi. Ghorofa letu lilikuwa na paa bapa, pana kama kiwanja. Lifti ilipokufa tukapanda ngazi za mviringo kwa mbio, na kushuka tukateleza juu ya kishikio cha chuma mpaka kaptula zikatoboka. Kule juu tulicheza rede na kuruka kamba huku harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikitupandia kutoka majikoni. Aliyetumwa spaza, kiduka cha mtaani, akirudi na magwinya, yale maandazi ya duara, tulimegeana yakiwa bado ya moto, mafuta yakituchuruzika hadi viwikoni. Watoto wa leo wanacheza kwa vidole gumba; ukiona mmoja analia, ujue chaji imekwisha.

Paa lilikuwa la mama zetu pia. Kamba zilipita toka ukuta hadi ukuta, zimejaa mashuka, vitenge na sare za baba zetu waliokuwa walinzi. Mama yangu, fundi cherehani aliyetoka Bukavu, Kongo, nami nikiwa mgongoni, alikuwa akisema, "Nguo iliyoota jua haijui umaskini."

Ghorofa ya chini aliishi Bibi Hanna. Alikuja Johannesburg akiwa binti mdogo, wazazi wake Wayahudi walipoikimbia Berlin. Alipanda polepole na mashuka yake, akayaanika karibu na ya Mama, kisha akakaa nasi. Yeye ndiye aliyetuonyesha madirisha yanavyokunja kona.

"Kwetu," alisema, "wafanyakazi waliishi katika vyumba vya giza, matajiri katika majumba ya mapambo. Wakatokea vijana wachoraji na wajenzi, wakasema mapambo basi, kila mtu apate jua na hewa. Shule yao iliitwa Bauhaus. Waliokuja kutawala wakaichukia, walimu wakatawanyika. Lakini mawazo yao yalisafiri, mkaletewa ninyi hapa. Paa hili ni bapa ili watu walitumie. Litumieni."

Tukalitumia, wallahi.

Bibi Hanna alifariki nikiwa sekondari. Haukupita muda mrefu, wenye nyumba wakasema ghorofa linahitaji matengenezo, tutoke kwanza, tutarudi. Tulibeba magodoro vichwani hadi mtaa jirani wa Yeoville. Hakuna familia hata moja iliyoitwa kurudi.

Mwaka huu binti yangu Neema, anayesikia Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, aliniomba nimpeleke kwenye maonyesho ya picha za majengo ya Johannesburg yaliyofuata mtindo ule wa Kijerumani. Tukaingia. Ukutani, kubwa kuliko mlango, lilikuwa paa letu, limepigwa picha miaka yetu ile ile. Nililijua kwa tangi la maji tuliloandika majina yetu kwa rangi. Jina langu, Furaha, lilisomeka vizuri. Lakini hapakuwa na mtu, wala kamba, wala kitambaa. Chini waliandika kwamba nyumba hii nzuri iliharibiwa na wakazi wa baadaye, kisha ikaokolewa.

Nikamwita kijana msimamizi. "Nguo ziko wapi?"

Akatabasamu. "Tuliziondoa kwa kompyuta, mama. Zilikuwa zinavuruga mistari."

Damu ilinipanda. "Mistari hiyo ilichorwa kwa ajili ya nani? Shuka ulilolifuta ni la mama yangu. La pembeni pengine ni la bibi wa Berlin, ambaye angekufundisha hiyo Bauhaus unayotuuzia!"

"Eish, Mama," Neema akanong'ona kwa Kiingereza akinivuta mkono, "watu wanatuangalia."

"Waangalie! Mimi ndiye mkazi wa baadaye. Jina langu hilo hapo kwenye tangi. Mniulize niliharibu nini."

Neema alilitazama tangi, akanitazama mimi, akaniachia mkono, kisha akamgeukia yule kijana. "Mjibu mama yangu," alisema, kwa Kiswahili.

Kijana akaandika namba yangu ya simu. Baada ya wiki alinipigia simu: maandishi yale wameyabandua. Picha itabaki ilivyo, kwa sababu mpiga picha anaipenda hivyo. Nikamwambia namshukuru kwa kuyabandua maandishi, na kwamba picha yake bado ni uongo.

Jumapili iliyofuata tulipita Berea. Ghorofa limepakwa rangi nyeupe, linang'aa, lina geti la umeme. Mlinzi alikuwa Mkongo, tukasalimiana.

"Kaka, siku hizi nani anapanda juu?"

"Hakuna, dada. Paa limefungwa. Wapangaji hawaruhusiwi."

Nilisimama pale barabarani na hasira yangu, nisijue niipeleke wapi. Enzi zetu paa lile lilikuwa na kelele, lina povu la sabuni, lina watoto waliochubuka magoti na wanawake waliocheka kwa lugha tano. Leo ni safi kabisa, na jua linawaka pale bure.