Mlango wa Mninga wa Kanisa la Singe

Harufu ya vanishi mbichi kwenye mbao ya mninga hainipiti hivi hivi. Juzi nilikwenda na mama kwa seremala, pale Babati mjini, kuagiza mlango wa nyumba yangu. Nikavuta ile harufu, nikakanyaga maranda, na mara nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, nimenuna, nautazama mlango wetu ukibebwa kupelekwa kanisani. Usinicheke, msomaji. Kuna wanaomwonea wivu dada yao, kuna wanaomwonea mke mwenza. Mimi nililionea wivu kanisa.

Mkoa wa Manyara ulikuwa mpya wakati huo, na watu walimiminika Babati kutoka kila pembe kutafuta kazi za ofisini na biashara. Sisi tulitoka Mbeya, tukajenga Singe, pembeni ya mji. Wakatoliki walikuwa na kengele yao. Walutheri walikuwa na matarumbeta, na yakianza kulia, acha bwana, hata uji ulitikisika kikombeni. Sisi Wamethodisti tulikuwa familia chache, kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyotundikwa mtini, na kanisa letu lilikuwa sebule ya mama.

Jumamosi jioni mama alisukuma makochi ukutani na kutandika mezani kitambaa alichokifuma mwenyewe. Jumapili watu walijaa mpaka wengine wakakalia kitanda changu. Mwanzoni nilijivuna, mtoto gani mwingine alikuwa na kanisa kwao? Lakini kanisa lile lilikuwa lafi. Lilichukua mabenchi yetu, likachukua kitambaa, na lilipopata kiwanja chake likamchukua mama mwenyewe. Kila Jumamosi alikuwa huko na wanawake wenzake, wanachota maji, wanasomba tofali, na jioni alirudi hoi, udongo hadi kwenye nyusi, anaimba. Nikimwomba anisuke, jibu lilikuwa moja: "Kesho, mwanangu." Kwa kanisa hakukuwa na kesho.

Kitu kimoja tu nilijua hakitaguswa, nacho ni mlango wetu. Baba alikuwa mchimbaji wa madini Mererani, na safari moja alirudi na bahati yake, akaagiza mlango kwa seremala wa mjini. Mninga mtupu, umechongwa maua, kitasa cha shaba. Majirani walikuja kuupapasa tu. Tangu hapo baba akirudi alipiga hodi kwa ngumi, polepole, na kazi ya kukimbia kumfungulia ilikuwa yangu mimi, si ya mtu mwingine. Kisha safari zake zikaanza kuchelewa, zikachelewa zaidi, na mimi nikawa nakaa nyuma ya mlango ule nimetega sikio.

Basi, kanisa likaezekwa, siku ya uzinduzi ikakaribia, na mlango hakuna. Mbuzi waliingia walivyotaka. Kwenye kikao cha mwisho sebuleni kwetu, mwinjilisti wetu, kijana mpole asiyeweza kugombana hata na hao mbuzi, alipendekeza tuweke pazia. Mama alikuwa ametoka mjini mchana ule, na tangu arudi hakuwa amegusa chakula. Akainuka.

"Mlango upo," alisema. "Njooni kesho muuchukue."

Jirani yetu Mama Gwandu, Mlutheri wa kutoka Mbulu, aliposikia alishika kiuno. "Mama Tumaini! Watu wanatoa kuku, wanatoa mbuzi. Wewe unatoa mlango? Na mvua hizi?"

"Pazia linatutosha," mama alimjibu. "Mwizi ataiba nini kwangu, ugali?"

Kesho yake niling'ang'ania kitasa, nikalia, nikasema baba atagonga wapi. Mama alinibandua vidole kimoja kimoja, bila kunigombeza, na hilo ndilo lililonitisha. Wanaume wakaubeba. Mlangoni kwetu kikabaki kitenge chakavu, upepo ukikipeperusha unaona mpaka sufuria za jikoni.

Siku ya uzinduzi mgeni wetu, mchungaji kutoka Arusha, aliusifia mlango kuliko alivyosifia kuta. Aliupapasa, akatikisa kichwa, akauliza mbao hii imetoka wapi. Nikapanda juu ya benchi. "Ni wetu! Huo mlango ni wetu!"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mwinjilisti akasema kwa upole, "Kweli kabisa, Tumaini. Ni wetu sote." Sote! Neno hilo lilinichoma kuliko kile kicheko. Mama hakucheka. Alinivuta nikakaa.

Baba alirudi mvua zilipokuwa zinaisha. Alishuka kwenye pikipiki ya kukodi na redio mpya na mfuko wa sukari, akanyanyua ngumi apige hodi, ngumi ikakuta kitenge.

"Mlango wangu uko wapi?"

Mama alitoka na unga mikononi. Hakumkaribisha. "Mlango wako uko kanisani, Baba Tumaini. Kapige hodi huko."

Mimi nilifurahi mno! Nilijua sasa mwenye mali amekuja, kanisa litakiona. Nilimshika baba mkono nikamburuta hadi kule. Ndani akinamama walikuwa wanafanya mazoezi ya kwaya, mlango uko wazi. Baba aliutazama, akagusa yale maua ya kuchonga, akafuata mchongo kwa kidole. Nilingoja ang'oe bawaba. Akaniambia tu, "Msikilize mama yako," akanipa sukari, akaenda kusimamisha gari barabarani. Nikarudi nyumbani nimelichukia kanisa kwa moyo wote, maana sasa lilikuwa limemchukua na baba.

Hayo ndiyo niliyoyajua kwa miaka yote. Juzi basi, nikamwambia seremala anichongee mlango kama ule wa kanisa la Singe. Mama, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo, akanigusa bega.

"Chagua mwingine," alisema. "Hiyo ilikuwa miwili."

Sikumwelewa. Akakaa kwenye gogo, akanieleza taratibu. Siku ile ya kikao alipita kwa seremala aliyeutengeneza, na yule mtu, kwa nia njema tu, akamuuliza: Mama Tumaini, na ule wa pili, wa Mererani, umekaa sawa kwenye fremu?

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia umekaa vizuri sana." Alicheka kidogo. "Nikarudi nyumbani. Nikishika kitasa changu, namwona mwanamke mwenzangu anashika chake."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unasikiliza hodi yake, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

Nikaagiza mlango mwingine, wa mbao bapa, hauna ua hata moja. Na mimi niliyejiona ndiye mwenye wivu katika nyumba ile! Wivu wangu ulipanda benchi ukapiga kelele. Wa mama aliutoa nyumbani kimya kimya, akautundika kanisani, na hadi leo kila Jumapili watu wanausukuma wakiingia kusali.