Kinu cha Mama na Kilo Ishirini

Shule niliishia kidato cha pili. Nasema mapema ili ujue mtu aliyepewa kazi ya kumchagulia mama ndege ni wa aina gani. Mimi ni fundi baiskeli hapa Newala, na ndege nilizozijua ni zile zinazopita juu nikiwa chini nakaza mnyororo. Lakini kwetu mwenye simu kubwa ni mimi, kwa hiyo msomi ni mimi.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, ameolewa Mwanza, na alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mama akasema anakwenda, na anakwenda na kinu. Hicho kinu bibi yetu alimpa siku anatoka kwao Mkunya kuja kuolewa, na yeye akaahidi atampa binti yake. Ila harusi ilifanyika hukohuko Mwanza, kinu kikabaki jikoni. Sasa siku hiyo mdogo wangu akateleza kwenye simu, akasema kisamvu anasaga na blenda. Mama akanirudishia simu bila hata kuaga.

"Mjukuu wangu hatakulia kisamvu cha blenda," akaniambia. "Kinu kifike kabla ya arobaini, na nikifikishe mwenyewe."

Nilijaribu kumwambia kinu kiende na basi, tumpe konda. Aliniangalia kama nimesema mtoto mchanga ndiye apewe konda. Na yeye mwenyewe mgongo wake haukai kwenye basi siku mbili. Ikabaki ndege.

Nikaanza kuomba ushauri kijiweni, ambako hakuna aliyewahi kupanda ndege lakini kila mtu alikuwa na lake la kusema. Mmoja akasema tafuta yenye mapanga mengi, likizima moja mengine yanaendelea. Bodaboda mmoja wa Chiungutwa akasema angalia kampuni inayogawa soda, maana mtu hawezi kukupa soda halafu akakuangusha. Hoja hiyo niliiona nzito. Niliandika "soda" kwenye boksi la spea.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja anayefundisha shule ya huko Kitangari, mtu wa Mwanza, aliyeleta baiskeli kuziba pancha. Nikampa simu, yeye akakaa kwenye ndoo yangu akanisomea. Kampuni ni mbili, zote zinaanzia Mtwara zinapitia Dar. Ya kwanza inaruhusu mzigo wa kilo ishirini na tatu, ila unafika Dar jioni, na safari ya Mwanza ni kesho yake. Ya pili inaunganisha siku hiyohiyo, na kuna mfanyakazi anawashika wazee mkono kutoka ndege hii mpaka ile. Lakini mzigo kilo ishirini, basi.

Mimi nilikuwa nimeshaipenda ya kwanza kwa sababu ndege yake kwenye picha ilikuwa kubwa.

"Dar mama atalala kwa nani?" mwalimu akauliza.

Dar hatuna mtu. Nikamwona mama amekaa kwenye benchi usiku kucha amekumbatia kinu. Nikaichagua ya pili. Nikauliza na habari ya soda, mwalimu akajifanya hajasikia.

Ikabaki kujua kinu kina kilo ngapi. Mama alishakitia kwenye gunia pamoja na mchi wake, na ndani ya kinu kajaza korosho za kubangua. Nikakibeba mpaka ghala la chama cha ushirika, tunakopimia korosho, karani ni rafiki yangu. Akaweka kwenye mizani.

"Ishirini na moja," akasema. "Toa kilo ya gunia. Ishirini."

Miaka yote tunanung'unika karani akitoa kilo ya gunia. Siku hiyo nilimshukuru. Siku ya pili nikaenda Masasi kwa wakala, nikakata tiketi kifua mbele, mtu mwenye hesabu zake.

Uwanja wa ndege wa Mtwara, dada wa kaunta alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba, mambo yakaanza vizuri. Kisha mzigo ukapanda kwenye mizani. Ishirini na moja.

"Toa gunia," nikamwambia.

Akaniuliza gunia gani. Nikamweleza kwa upole, kama mtu anayemfundisha kazi, kwamba kilo moja ni ya gunia na huwa inatolewa. Mzee mmoja nyuma yangu, bila shaka mkulima mwenzetu, akasema kweli, inatolewa. Dada akasema ndege inabeba na gunia. Akatuambia kilo ya ziada inalipiwa.

Mama akasogea kwenye kaunta. "Sijawahi kulipia gunia," akasema, "sianzi leo. Mwanangu, litoe."

Nikakata kamba palepale sakafuni, nikalivua gunia. Kinu kikasimama katikati ya uwanja wa ndege, cheusi kwa moshi wa jikoni kwetu. Mama akatoa kanga moja mabegani, akafunga mdomo wa kinu korosho zisimwagike, na mchi akaukaza kwa ncha za kanga hiyohiyo. Tukapandisha tena. Ishirini na nukta mbili.

Dada akaangalia namba. Akamwangalia mama, kisha kanga.

"Kanga natoa, bibi," akasema, akakifunga kinu karatasi ya safari kiunoni.

Mimi nilirudi Newala na gunia tupu, na kijiwe kizima kiliniuliza kama nimemsafirisha mama bila mfuko.

Kesho yake simu ikaita. Kabla mama hajasema neno nilisikia mchi ukitwanga, polepole, mkono wa mdogo wangu, aliyesahau na sasa anakumbuka. Nikauliza ndege ilikuwaje. Akasema nilichagua vizuri, alishikwa mkono mpaka kwenye kiti, ila soda hawana. Kisha akasogeza simu karibu na kinu.

"Unasikia?" akasema. "Na mtoto amelala hapahapa, wala hashtuki."