Mteja Asiyetoa Mikono Mfukoni

Hili lilinipata mimi, dukani kwangu hapa Mwika. Ukija leo utaona ukutani gundi ya kibao cha lipa namba, cha wateja kulipa kwa simu, nilichokibandua. Kibao chenyewe nimekichoma.

Nilikibandika kwa sababu nilichoka kutafuta chenji na kushika noti zenye utomvu wa migomba. Jirani yangu Mama Happy alinicheka: “Mae! Siku hizi hata hela unaiona chafu?”

Mume wangu Elia ni mgumu, yaani hubeba mizigo ya watalii wapandao mlima. Wiki ile alikuwa mlimani. Jioni moja, ukungu ukiwa umeshuka hadi kwenye kahawa, akaja mwanaume nisiyemjua, mikono imo ndani ya mifuko ya koti. Akataka mkate. Akabonyeza simu humohumo mfukoni, yangu ikalia, nikampa mkate wake kwenye mfuko, akauvuta kwa kiwiko. Wewe husoma ujumbe wa malipo hadi mwisho? Mimi niliangalia kiasi tu. Kesho yake akarudi, na jioni zilizofuata.

Siku ya mwisho mtandao ulikatika.

“Kaka, leo toa keshi.”

“Siyo lazima, dada. Nitalipa kesho.”

“Wote husema hivyo. Toa, au ulale njaa!”

Akacheka, akatoa noti. Nilipoipokea nikamgusa kiganja, na niamini, nilikijua. Kovu la panga chini ya kidole gumba, sugu za kamba, mikunjo yote. Uso ulikuwa wa mgeni. Mkono ulikuwa wa Elia.

Alitoka bila kukimbia. Nikafungua jumbe zote za malipo. Kila moja ilikuwa na jina kamili la mume wangu.

Elia alishuka siku mbili baadaye, akitabasamu, ila viganja vyake vilikuwa laini kama ndani ya gome la mgomba. Hakuna kovu wala mstari. Alisema jioni ileile ya mkate wa kwanza vidole viwili vilikufa ganzi, halafu vingine viwili, kila jioni hivyo. Akadhani ni baridi.

Sasa kamba zinamteleza, kazi ya mlima imekwisha. Noti zinamponyoka, mimi ndiye namshikia hela. Tulikwenda mjini, kwenye ofisi ya kampuni ya simu, kuifunga laini yake. Dada wa pale akamwambia aweke kidole kwenye mashine, akaweka vyote kumi. Mashine haikumtambua.

“Huyu siyo mwenye laini,” dada akasema, akaita anayefuata.

Kwa hiyo laini iko wazi, na jumbe bado zinaingia kwenye simu ya Elia. Mwezi uliopita mkate ulilipiwa mtaa wa Majengo. Juzi, Soweto. Sasa mteja yule anazunguka mjini, wala hahitaji tena kujificha kwenye ukungu.

Wewe mwenye duka, soma jina kabla hujatoa bidhaa. Na akija mtu mpole, mikono mfukoni, mwambie alipe keshi, akuwekee mkononi. Ukikitambua kiganja, mpigie mwenye kiganja hicho upesi, kabla vidole havijaisha.