Kago la Minazi ya Randu

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025. Rasharasha tangu alfajiri, na kusi ikivuma kwa nguvu.

Randu, mgema wa tembo upande wa Kilelengwani, aliposhuka mnazini aliwakuta askari wakimngoja chini. Tangu kambi ya wanamaji iliyopakana na minazi yake ianze kupanuliwa, na wanajeshi wa kigeni waje na mitambo yao, hakuwahi kupata salamu kutoka upande ule. Siku hiyo pia hakuipata.

"Mzee, huko juu ulikuwa unapiga picha?" akauliza Sajini Abduba.

"Kwa kisu cha kugemea?"

"Unaiona gati yetu yote. Wageni hawataki."

"Gati ndiyo iliyonifuata. Minazi hii aliipanda babangu."

Mwanajeshi mmoja wa kigeni alikuwa akiuzunguka mnazi wa pembeni. Ghafla akaruka nyuma akipiga kelele, na wote wakajitupa matopeni. Alikuwa ameona chupa iliyofungwa kwa waya na kitambaa chekundu. Mtoto yeyote wa pale angemwambia kuwa hilo ni kago, dawa ya kuzuia wezi: gusa mnazi wa mtu, tumbo lako lifure. Yeye alidhani ni bomu.

Randu peke yake alibaki wima. "Inukeni, jamani. Ama mmekuja kuiba?"

Sajini akainuka, tope mpaka kidevuni, macho yamemwiva. "Kesho minazi yote inalala chini. Kiti ataikata."

Kiti, kibarua wa kambi, alikuwa mtoto wa kaka yake Randu. Alisimama na msumeno wa petroli begani, uso ameuinamisha.

"Baba mdogo, ni kazi tu."

"Babako alikula kwa minazi hii mpaka akafa. Kata. Lakini tumbo likikufura, mlango wangu usiujue."

Mgeni akatafsiriwa maneno hayo, akacheka mpaka akakohoa. Kiti hakucheka. Aliuhamishia msumeno bega la pili, akaitazama ile chupa kwa jicho la pembeni.

Randu hakuwa na shamba jingine, wala hakujua kazi nyingine. Na mnazi unaogemwa ukikosa kisu, kidonda hukauka na tembo hukatika.

Asubuhi yake, kabla kambi haijafungua lango, alifunga chupa na kitambaa chekundu kwenye kila mnazi. Chupa moja iliyobaki aliifunga kwenye nguzo ya ua wa kambi. Kisha akaupanda mnazi mrefu kuliko yote, akaielekea gati, akaanza kugema.