Binzari ya Mwalimu Ritha

Mwalimu Ritha hakuzaliwa na shaka, alifundishwa. Mama yake, aliyeuza viazi na maharage sokoni Lushoto, alimwambia tangu yungali mdogo kwamba ukienda dukani usimtazame muuzaji usoni, mtazame mkono. Binti akalishika neno hilo kuliko alivyoshika katekisimu. Alipomaliza chuo na kupangiwa kufundisha kemia katika shule moja ya sekondari pale Nguvumali, mjini Tanga, hata muhula wa kwanza haukwisha kabla wanafunzi hawajampa jina. Walimwita Mwalimu Umejuaje.

Na jina lilimkaa. Ukimwambia maji yamechemka, anakuuliza umejuaje. Ukimwambia kichwa kinauma, anataka kujua umejuaje kwamba ni kichwa na si uvivu. Walimu wenzake walimcheka chini chini, lakini ilipofika kazi ya kuwaandaa wanafunzi kwa maonyesho ya sayansi, hakuna aliyemfikia. Hakuwa anampa mtoto jibu hata ungempigia magoti. Alimkalisha, akamtaka aseme swali lake kwa maneno ambayo hata bibi yake angeyaelewa, kisha aeleze atapima nini, kwa namna gani, na atajuaje kama amekosea. Wengi walichoka mapema wakarudi kwenye mpira. Wachache waliobaki walitoka watu.

Ila mwaka uliotangulia alitiwa aibu. Kijana mmoja, Godlisten, alipeleka kwenye maonyesho ya mkoa mtambo wa kukaushia dagaa kwa jua, kitu cha kupendeza kwelikweli. Jaji akamuuliza kwa nini kioo kimeinamishwa vile, na Godlisten akatazama dari. Wakambana kidogo tu, ikajulikana kwamba mtambo ulitengenezwa na mjomba wake fundi, na yeye kazi yake ilikuwa kuubeba. Shule ikaondolewa mbele ya kadamnasi. Ritha, aliyekuwa amesimama kando yake kifua mbele, alirudi nyumbani akalia hadi macho yakavimba. Tangu hapo shaka yake ikawa ugonjwa.

Mwaka huu waliovumilia maswali yake walikuwa wasichana wawili wa kidato cha tatu. Mmoja ni Mastura wa Mabawa, ambaye mdomo wake haujui likizo. Wa pili ni Mehreen, mpole, msafi hadi kwenye kucha, mjukuu wa Mzee Akberali mwenye duka la viungo mjini. Swali lao lilikuwa zuri kiasi kwamba Ritha mwenyewe alilionea wivu: manjano ya unga yanayouzwa madukani ni manjano matupu, au yamechanganywa na unga wa mahindi?

Wakaifanya kazi inavyotakiwa. Walinunua mizizi ya manjano, wakaianika, wakaitwanga wenyewe kwenye kinu cha kina Mastura hadi mikono ikawa ya rangi hiyo hiyo. Mengine wakayaacha matupu, mengine wakayachanganya na unga wa mahindi nusu kwa nusu, mengine wakabakiza manjano robo tu. Kila fungu walililowesha kwa spiriti juu ya karatasi nyeupe, kisha wakalidondoshea maji ya magadi. Manjano matupu yaligeuka mekundu kama damu ya kuku. Ya robo yalitoa wekundu uliochoka. Hizo ndizo zikawa rangi zao za kulinganishia. Wao waliyaita manjano, na Ritha, kama kwao milimani, aliyaita binzari. Hakuna aliyemsahihisha mwenzake, kwa kuwa mezani kulikuwa na kitu kimoja tu na wote walikuwa wanakiona.

Sampuli za madukani zilipopimwa, nyingine zilitoka safi na nyingine zilitoka na aibu yake. Iliyong'aa kuliko zote ilikuwa ya duka la Mzee Akberali. Hapo ndipo Ritha alipoanza kukosa usingizi. Sampuli zote zililetwa na Mastura kwenye vifuko kama zilivyouzwa, isipokuwa hiyo moja, aliyoileta Mehreen kutoka kwao ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko. Ritha alipomuuliza amejuaje kwamba ndiyo wanayouziwa watu, msichana alijibu kwa adabu kwamba ameichota kwa mkono wake kwenye gunia la dukani. Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Moyoni akasema, mkono huo ndio tabu yangu.

Halafu kukawa na simu. Mara mbili alimkuta Mehreen nyuma ya maabara akinong'ona kwa Kikachi, lugha ya nyumbani kwao, na mara zote mbili alinyamaza alipomwona mwalimu. Kumbe alikuwa akimbembeleza bibi yake, Zohra, amruhusu kusafiri iwapo watachaguliwa kwenda maonyesho ya taifa Dar es Salaam, maana nyumbani kwao msichana halali nje ovyo. Lakini Ritha hakukijua Kikachi, na asichokijua alikijaza mwenyewe. Mzee analinda duka lake, mtoto anamsaidia, na mimi kwa mara ya pili nitasimama mbele ya majaji kama gogo. Ndivyo alivyojiambia, na kila alipolirudia ndivyo lilivyozidi kuwa kweli.

Jumamosi akajitanda kanga, akaenda dukani kama mteja. Aliyekuwa kaunta ni Bibi Zohra, ambaye hakumjua. Ritha akaomba binzari. Yule bibi, masikio yake yaliyozoea pwani, akasikia bizari, akamuuliza kama anataka ya mchuzi. Ritha akaona swali la ajabu, kwani binzari inatiwa wapi kama si kwenye mchuzi? Akasema ndiyo, ya mchuzi. Miaka yote aliyokaa Tanga hakuwahi kuinunua mjini, kwa sababu mama yake alikuwa akimpelekea kwa basi, iliyotwangwa kwao.

Nyumbani alifungua kifuko, akanusa. Ndani yake mlikuwa na harufu nyingine, si ya binzari peke yake. Rangi nayo ilikuwa imefifia. Akadondosha spiriti, akadondosha maji ya magadi, na karatasi ikatoa wekundu ule uliochoka, wa robo. Alisimama jikoni peke yake akasema, "Si nilijua." Alifurahi, na tusimfiche: furaha ile haikuwa ya mwalimu.

Jumatatu, kabla ya kengele, alimweleza Mwalimu Praxeda, rafiki yake wa chumba cha walimu, akamsihi asimwambie mtu. Praxeda hakumwambia mtu, aliwaambia watu. Jambo likavuka uzio wa shule likaingia mtaani, na kabla ya wiki kwisha wanawake waliokuwa wakinunua viungo kwa Bibi Zohra tangu wakiwa wasichana walikuwa wanarudisha vifuko, wengine bila hata salamu.

Mkuu wa shule, Mwalimu Ayubu, mtu wa kupenda amani na chai, akaona bora waitane. Ofisini wakaketi Ritha, wasichana wawili na Mzee Akberali, aliyekuja na shati lake la dukani lenye harufu ya iliki. Ritha akasema yake bila kupepesa macho. Alisema kazi ile iondolewe kwenye maonyesho, kwa kuwa Mehreen amebadilisha sampuli ili kumsitiri babu yake, na ushahidi huu hapa. Akaweka kifuko mezani.

Mastura alianza kupandisha sauti, Mehreen akamgusa goti. Hakulia. Aliomba ruhusa kwa mkuu, akakivuta kifuko, akakifungua, akanusa. Kisha akampa Mastura, naye aliponusa tu akaziba mdomo kwa kiganja.

"Mwalimu," Mehreen alisema polepole, "umejuaje kwamba haya ni manjano?"

"Niliomba binzari, nikapewa hiyo."

"Bizari ya nini, mwalimu?"

Ritha alifungua kinywa, na kabla neno halijatoka alikwisha kulisikia. "Ya mchuzi," akasema.

Ikabidi Mastura ndiye aeleze, kwa kuwa Mehreen alikuwa amemaliza. Alieleza kwa upole ambao hakuna aliyewahi kumjua nao. Kwao Mabawa, na pwani yote anayoijua yeye, ukitaka yale ya njano unaomba manjano. Bizari ya mchuzi ni mchanganyiko: mna giligilani, mna bizari nyembamba, mna pilipili manga, na manjano kidogo ya rangi. Isipochanganywa ndipo mteja atakapoirudisha. Mwalimu Ayubu, mzaliwa wa Pangani, aliinamia kikombe chake, na mabega yakamtikisika kidogo.

Mzee Akberali hakucheka. Alikuwa akimtazama Ritha muda wote ule. "Mwanangu," alisema, "kosa la jina nalisamehe, hata mimi Kishambaa kingenishinda. Lakini wewe ulikuja dukani kwangu na hukumu yangu mfukoni. Hilo si kosa la jina."

Ritha aliona haya hadi masikio yakawaka. Maisha yake yote alikuwa amewauliza watu swali moja, na siku ambayo yeye alipaswa kuulizwa hakuwapo wa kumuuliza, akapita. Aliomba radhi palepale, kwa mzee, kisha kwa mtoto. Mehreen alisema, "Haidhuru, mwalimu," kwa namna ambayo mtu husema akiwa ameumia sana.

Ya ofisini yaliisha ofisini, ya mtaani hayakuisha. Jumamosi iliyofuata Ritha alikwenda tena dukani, safari hii bila kujitanda, akasimama mbele ya wateja akawaambia kwamba yeye ndiye mwanzo wa maneno, na kwamba alinunua bizari ya mchuzi akidhani ni manjano. Wako waliocheka wakasema wa bara hawana dogo. Wako waliomhurumia. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kurudisha kifuko chake alikirudisha vilevile, akasema lisemwalo lipo, akaenda zake. Bibi Zohra alikipokea kile kifuko, akakiweka pamoja na vingine chini ya kaunta, akamuuliza Ritha kama atakunywa chai.

Kazi haikuondolewa. Wasichana ndio waliomfuata Ritha maabara, wakamkuta amekaa tu. Mehreen alikuwa na wazo, akalisema akiangalia meza. Kama kosa lile limempata mwalimu wa kemia, linaweza kumpata yeyote anayepima vitu vya dukani. Kwa hiyo waongeze sehemu ya pili: waende maduka yale yale, waombe kwa majina yote mawili, wapime walichopewa. Na sampuli ya duka la babu yake isichukuliwe tena na yeye wala Mastura. Akanunue Mwalimu Ritha. Ritha akaenda, akaomba manjano, akapima mwenyewe wao wakiwa wamesimama mbali. Yakawa mekundu kama damu ya kuku.

Kwenye maonyesho ya mkoa, jaji mmoja mwanamke mwenye miwani aliinama juu ya meza yao kwa muda mrefu, kisha akauliza lile lile alilokuwa akiliogopa Ritha. Sampuli ya duka la familia, watajuaje kwamba haikubadilishwa?

"Hamwezi kujua kwangu," Mehreen alijibu. "Ndiyo maana tulimtuma mtu asiyetuamini akanunue na kupima."

Jaji akataka kujua ni nani huyo. Mehreen akamwonyesha kwa kiganja kizima, kama anavyoonyeshwa mgeni wa heshima, akasema, "Mwalimu wetu yule." Watu wakacheka, jaji akacheka, akaandika kitu. Ritha naye alicheka kwa sababu hakuwa na uso mwingine wa kuvaa.

Wakachaguliwa kwenda Dar es Salaam. Mwalimu Ayubu aliwaita ofisini na chai ikamiminwa kwa furaha. Bibi Zohra alikwisha kukubali mjukuu aende, ila kwa sharti kwamba afuatane na mwalimu wa kike atakayelala naye bweni moja. Mkuu, akijua yaliyopita, akapendekeza kwa busara kwamba safari hii aende Mwalimu Praxeda, na Mwalimu Ritha apumzike. Ritha akasema ni sawa kabla hajamaliza kusikia. Alikwisha kujiandaa.

"Hapana, mkuu," Mehreen alisema. "Aende Mwalimu Ritha. Nataka awe karibu nami mchana na usiku, aone kila ninachokigusa."

Alisema bila ukali, na asubuhi ile alikuwa amemwamkia Ritha kwa shikamoo yake ya siku zote. Ritha akamtazama, akitafuta kama ule ni msamaha au ni adhabu. Alitafuta sana, kwa macho yale yale aliyoyaamini maisha yake yote, na hayakumwambia kitu. Akasema ataenda.